Wazazi wa Nyumba ya Kibokoni

Ukilifuata daftari la hospitali, nyumba yetu ya Kibokoni ilikuwa na uzazi mwingi kuliko nyumba yoyote ya Mji wa Kale. Mwaka hadi mwaka wanawake waliotoa anwani ya nyumba hiyo walijifungua, wa kike na wa kiume, mara moja hata mapacha, na hakuna mtu ofisini aliyeinua uso akauliza nyumba yenyewe ina vyumba vingapi. Ina vinne. Najua kwa sababu nimezaliwa humo, na habari za daftari nazijua kwa sababu aliyeliandika ni mimi.

Nilikuwa karani wa rekodi katika wadi ya wazazi ya hospitali ya umma, hapa hapa kisiwani Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya meza na kuuliza: jina, umri, mimba ya ngapi, makazi. Wauguzi walilia na wanaojifungua na kucheka nao. Mimi nilitaka jina liandikwe sawasawa na ukurasa usiwe na doa. Watu walisema nina roho ngumu. Sina roho ngumu, nina subira ndogo, na hayo ni mambo mawili.

Mama yangu ni mtu wa namna nyingine. Mambo yalianza kwake, miaka mingi iliyopita, alipokuja mwanamke mmoja kutoka kisiwa kimoja kidogo cha kaskazini, kule ambako ukishuka basi unapanda mashua, na ukishuka mashua bado hujafika. Alikuwa mke wa mtoto wa binamu yake mama. Presha ilikuwa imempanda na kule kwao wakamwambia akajifungulie Mombasa. Akapewa chumba cha nyuma, akajifungua salama, akakaa arubaini yake, akarudi kwao na mtoto na leso mbili mpya za Biashara Street. Mwaka uliofuata alikuja dada yake, ambaye hakuwa na presha wala chochote. Halafu jirani ya dada yake. Baada ya hapo nikaacha kufuatilia nani ni nani. Walibisha hodi wakiwa na begi na salamu kutoka kwa mtu ambaye mama hajapata kumwona maishani, na mama alizipokea salamu hizo kama za ndugu yake wa tumbo moja.

Hakumuuliza hata mmoja wao kwa nini amekuja. Kwa mama, kumuuliza mgeni kwao kumepungua nini ni kumvua nguo. Aliuliza kama amekula, kama ameoga, kama wazee hawajambo, basi. Walikuja miezi miwili kabla ya siku zao, wakala samaki, wakakandwa, na waliporudi kutoka hospitali na mtoto wakakuta uji wa pilipili manga umeshawekwa jikoni. Chumba cha nyuma hakikupata kukaa kitupu zaidi ya juma moja. Mimi, ambaye sikuolewa na sikuzaa, nimelelewa upya na vilio vya watoto wachanga wa watu wengine, na sikumbuki kama kuna aliyeniuliza naonaje.

Mama alikuwa na sharti moja. Mgeni akienda hospitali, akiulizwa kwao, aseme Kibokoni, kwa mama yake karani. Aliwahi kumwona mwanamke wa kutoka mbali, hana wa kumsemea, ameachwa kwenye benchi asubuhi nzima, na tangu siku hiyo akashika kwamba mtu asiyekuwa na kwao karibu hasikilizwi. Siwezi kusema amekosea. Kijitabu cha kliniki alichokuja nacho mgeni kutoka kwao kilibaki nyumbani, ili hospitalini apewe kipya, cha Mombasa. Cha zamani mama hakukitupa. Kitu cha mgeni ni amana. Vyote alivifunga pamoja kwa kipande cha leso akavitia kabatini.

Kwa hiyo ilikuwa hivi: mwanamke niliyekunywa naye chai asubuhi anasimama mbele ya meza yangu na tumbo lake, namuuliza makazi, ananitazama machoni, anasema Kibokoni. Naandika Kibokoni. Nilijua si kweli. Niliiona ni adabu tu, kama kusema umeshiba na hujashiba.

Aliyekuja kutuharibia raha hiyo alikuja Jumamosi moja asubuhi. Mwanamke wa makamo, mtu wa bara, na msalaba mdogo shingoni, viatu vya kufunika, na mkoba aliokaa ameukumbatia. Mama akampa kahawa na mahamri, akaanza salamu. Alimuuliza safari, joto, wazazi wake wa huko bara, afya ya wazazi wake, mvua ya huko kwa wazazi wake. Mara mbili yule mgeni alifungua kinywa ili aingie kwenye jambo lililomleta, na mara mbili mama akamkumbusha kwamba kahawa inapoa. Mwishowe akakiweka kikombe chini.

“Mama, mimi ndiye nesi wa kile kisiwa,” akasema. “Hao wanawake mnaowapokea ni wangu. Nimekuja kuwaomba msiwapokee tena.”

Nimeishi katika nyumba ile zaidi ya miaka hamsini, na sikuwahi kusikia mtu aliyekula chakula chetu akisema neno kama hilo. Mama alitabasamu. Alidhani ni Kiswahili cha bara kilichokosea njia.

Hakikukosea. Nesi alitueleza kwamba kisiwani kwake pana wadi ya wazazi: vitanda viwili, tangi la maji, umeme wa jua, na boti ya dharura kukiwa na mafuta. Alikuwa ameikalia miaka minane. Wadi hiyo huendeshwa kwa fedha za umma, na kila mwaka wanaozigawa kule kaunti hutazama makaratasi kabla ya kutazama kitu kingine. Makaratasi yalisema wanawake wa kisiwa kile hawazai. Walikuja kliniki mpaka mwezi wa sita, wa saba, halafu wakapotea. Waliobaki kujifungulia kwake ni wachache wasio na nauli ya kwenda popote, na hao peke yao hawakutosha kuitetea wadi. Wakubwa walishasema hakuna haja ya kulipia vitanda vya hewa. Wadi ifungwe, yeye ahamishiwe nchi kavu kwenye watu. Kilikuwa kimebaki kikao kimoja cha maoni ya wananchi juu ya bajeti, baada ya wiki tatu.

“Ikifungwa, wale wenye nauli watakuja kwako, mama,” alisema. “Wasio nayo watazaa ufukweni wakingoja boti. Hao hujawahi kuwaona, kwa sababu hawawezi kufika hapa.”

Nilimuuliza, kwa ukarani wangu, kwa nini hakuiandikia hospitali ya Mombasa impe idadi ya wanawake wa kisiwa chake waliojifungulia hapa. Akasema aliandika. Alijibiwa kwamba daftari limetazamwa mwaka kwa mwaka, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyetoka kisiwa hicho. Alifikia kudhani wanawake wale wanamdanganya, mpaka mmoja akamtajia nyumba ya Kibokoni.

 Mama bado alikuwa hajaelewa. Mimi nilielewa papo hapo, na nikatazama sakafu.

“Sasa mwanamke na mimba yake yu mlangoni,” mama akasema taratibu, “n'mwambie nini?”

Nesi hakupata nafasi ya kujibu. Katika chumba cha nyuma wakati huo alikuwamo msichana wa miaka ishirini na kitu, mimba yake ya miezi saba, mpole, mwepesi wa kazi, aliyezoea kuniita mamkuu ingawa hatuna udugu. Alikuwa amesikia yote. Akatoka, akasimama kizingitini, akamtazama nesi, na tukajua kwamba wanajuana.

“Mwanangu wa kwanza alifia pale pale kwako,” akamwambia, “na wewe hukuwapo.”

Nesi hakujitetea. Alisema ni kweli. Alikuwa likizo, ya kwanza baada ya muda mrefu, aliahidiwa mtu wa kumshikia nafasi na mtu huyo hakuja. Halafu akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulirudia jambo moyoni mpaka likapoteza makali, kwamba alipouliza kwa nini, alijibiwa kuwa hakuna fedha za kupeleka nesi wa pili mahali pasipo na wazazi. Msichana akarudi chumbani. Hakuufunga mlango kwa kishindo. Afadhali angeufunga hivyo.

Mama ndiye aliyeinuka. Alikwenda kabatini akaja na kile kifurushi, akakiweka mapajani mwa nesi na kusema kwamba hivi ni vya wenyewe, akivifikisha atakuwa amemtua mzigo. Nesi akafungua fundo. Kijitabu cha juu kilikuwa na mhuri wa zahanati yake na mwandiko wake mwenyewe. Akakifungua cha pili, cha tatu. Wa miaka yake minane aliwakumbuka wote: huyu alivimba miguu, huyu nilimkataza kubeba maji, huyu nilikesha usiku mzima nikimfikiria. Mama alimtazama akivipanga kwa miaka, na nadhani ndipo alipoanza kuelewa.

Lakini vijitabu pekee havikutosha. Vilionyesha kwamba wanawake wale walikwenda kliniki. Havikuonyesha walizalia wapi. Hilo lilikuwa kwenye daftari, chini ya Kibokoni, na ilibidi pawe na mtu wa kuandika na kutia sahihi kwamba Kibokoni ile haikuwa Kibokoni. Nesi alinitazama. Hakuniomba. Aliniachia namba yake ya simu na kile kifurushi, akamshukuru mama kwa mahamri, akaondoka.

Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kufikia pensheni.

Nilifikiri siku nne. Ningependa kusema nilikuwa napambana na dhamira, lakini nilikuwa naogopa tu. Saa za chakula nilitembea Biashara Street nikishika leso ambazo sikukusudia kununua, mpaka mwenye duka mmoja, Mhindi mzee aliyemjua baba yangu, akaniuliza kama nyumbani kuna harusi. Nilijiambia kwamba makazi ni neno moja tu katika mstari mrefu. Nilijiambia kwamba bajeti ya kaunti ya watu si kazi yangu, na kwamba hata nikiandika watatafuta sababu nyingine. Nikajiambia pia kwamba mama ni mzee na aibu itamuumiza, ingawa mama hakuonyesha dalili yoyote ya aibu. Siku hizo nne alikuwa ananitazama mimi tu.

Kilichonisukuma ni hasira. Siku ya tano nililifungua daftari la zamani nikauona mwandiko wangu. Mzuri, umesimama, hauna doa. Katika jengo lile zima hapakuwa na mwandiko kama huo, na nilijivunia. Nimewahi kumrudisha mwanamke mwenye uchungu kwa mumewe alete kitambulisho kwa sababu ya herufi moja ya jina. Na hapo palikuwa na kurasa kwa kurasa za uongo niliouandika kwa wino wa serikali, kwa utulivu, nikiwa nimeshiba chai ya asubuhi. Nilijiona mpuuzi. Sikumbuki kujichukia namna ile kabla ya siku hiyo wala baadaye.

Nikaandika maelezo. Nililinganisha vijitabu na daftari, mwanamke kwa mwanamke, nikaonyesha kila mmoja ametoka wapi na ni nani aliyeandika vingine, nikatia sahihi, nikampelekea mkubwa wangu. Aliyasoma mara mbili. Akaniuliza kama naumwa. Baadaye nilipewa barua ya onyo na kuhamishwa kutoka wadi ya wazazi kwenda stoo ya mafaili, ambako vumbi hunikohoza mpaka leo. Silalamiki. Pensheni hawakuigusa, na nilistahili zaidi ya hapo. Nakala iliyogongwa mhuri ilimfikia nesi siku mbili kabla ya kikao.

Alinipigia wiki moja baada ya kikao. Walibishana sana, alisema. Kuna aliyedai kwamba watu wa Mombasa wamepika karatasi. Mwishowe wadi ikaachwa na fungu lake kwa mwaka mmoja, pamoja na nesi wa pili, ili ionekane kama wanawake watakuja kweli. Wasipokuja, itafungwa na hapatakuwa na kikao kingine. Kisha akaniambia neno la msingi. Alimtaka yule msichana aliyekuwa kwetu. Kisiwa kizima kilijua kwamba alizika mtoto pale. Akirudi kujifungulia pale, wengine watamfuata; akibaki Mombasa, hakuna atakayehitaji kuelezwa maana yake. Bado alikuwa anaruhusiwa kusafiri, lakini siku zilikuwa chache.

Niliwaeleza wote wawili, mama na msichana, kama nilivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Msichana hakulia. Alisema nyumba si yake, na akiambiwa aende ataenda.

Hakuna neno ambalo lingemuumiza mama kuliko hilo. Siku mbili alizungumza habari za mchele na samaki na paka wa jirani, na hilo hakuligusa. Msichana aliendelea kufagia na kufua, na kila nilipopita chumba cha nyuma nilimkuta amekaa kitandani na mikono juu ya tumbo, akiutazama ukuta. Nilimwonea huruma, na nilijua kwamba nataka aende. Nililipa kwa barua ya onyo ili wadi ile ibaki. Sikuyasema hayo kwa mtu yeyote.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta mama anafunga begi. Si la msichana, lake. Ametia dawa zake za presha, leso, chupa ya chai, na shuka ya kuswalia. Nikamuuliza aenda wapi.

“Namsindikiza mgeni,” akasema.

Kwetu mgeni husindikizwa. Humwachi mtu akatoka nyumbani kwako peke yake kama aliyefukuzwa. Unakwenda naye mpaka mlangoni, mpaka mwisho wa kichochoro, na kama ni mpenzi wako sana, mpaka barabara kubwa. Mama alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Goti lake la kulia halikuwa goti tena, hakuwa ametoka kisiwa cha Mombasa kwa miaka, na bahari aliiogopa kwa woga wa kweli, yeye aliyezaliwa hatua chache kutoka bandari ya zamani. Nilimkataza. Nilisema habari za goti, za njia, za mashua, za umri, na nilisema kwa sauti ambayo binti hapaswi kumtolea mama yake. Alingoja nimalize.

“Siwezi kumfukuza mtu kwangu,” akasema. “Lakini naweza kwenda naye kwao.”

Msichana alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliposikia hayo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu, na mama akamwambia aache kulia akavae, basi halingoji.

Nikabaki peke yangu na vyumba vinne. Nilipika chakula cha watu watatu nikakimwaga. Nilikuwa na hasira nao wote, mama, msichana, nesi, na wale waungwana wa kaunti wasioamini mpaka wahesabu, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Nasema wazi kwamba hofu yangu ilikuwa juu ya mama zaidi ya msichana. Alipiga simu mara chache, akauliza kama nakula na kama nimemwagilia mrehani, akakata kabla sijauliza chochote. Nilijua tu kwamba mashuani alifumba macho mwanzo mpaka mwisho, na kwamba kule wamempa chumba cha mbele, kwenye upepo.

Zilipita wiki tatu. Simu ilikuja mchana, nikiwa katikati ya mafaili. Mama akasema ni mtoto wa kike, mzima, na mamake naye mzima, amelala. Manesi wote wawili walikuwapo tangu mwanzo. Wanawake wengine wamesimama dirishani wanataka kuona. Nilimwambia alhamdulillahi. Safari hii hakukata.

“Mwanangu,” akasema, “hapa pana vitanda. Pana maji, pana taa, pana mtu ajuaye kazi yake. Miaka yote hiyo n'kidhani hapana kitu, ndio maana waja kwangu. Sikuuliza hata siku moja.”

 Yeye adabu ndiyo iliyomzuia kuuliza; mimi ndiye niliyekuwa nikilipwa mshahara wa kuuliza.